Siku Moja Katika Njia ya Magadi

Ndugu msomaji, uonapo gari dogo jekundu la viti viwili, lisilo na paa, likipita barabarani, bila shaka jambo la kwanza ulifikirialo ni mbio. Nami nilifikiri hivyo hivyo, hata siku ile nilipoliendesha gari la namna hiyo kwa mwendo wa punda.

Gari lenyewe ni MGB, aina iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1962 hata 1980. Mjomba wangu, fundi wa magari hapa Nairobi, alilinunua likiwa limekufa kabisa, akalifufua kidogo kidogo kwa muda wa miaka tisa, jioni baada ya kazi. Lilipopona gari, yakaugua macho yake. Daktari alimwambia kuwa ana presha ya macho, ugonjwa ambao hupunguza uwezo wa kuona taratibu, mara nyingi kuanzia pembeni. Na kilichokwisha kupotea hakirudi. Akampa dawa ya kuhifadhi kilichosalia, akamkataza kushika usukani.

Jumamosi moja mjomba alinitupia ufunguo, akasema, "Mpwa wangu, nipeleke Magadi. Nataka kuiona."

Tuliondoka alfajiri, tukapita Kiserian, tukapanda hata Kona Baridi, karibu na milima ya Ngong. Hapo nchi hukatika ghafula kama ukingo wa meza, na Bonde la Ufa huonekana chini limetandazwa, rangi ya majani makavu, hata macho yachoke. Mjomba akaniambia nisimame. Akageuza kichwa pole pole kutoka kushoto hata kulia, kama mtu asomaye mstari mrefu. Ndipo nilipofahamu kwa nini alilichagua gari hili: halikuwa na paa wala nguzo ya kumkinga asione.

"Sasa tia gia ndogo," akasema tulipoanza kuteremka. "Injini ikuzuie. Ukitegemea breki peke yake zitapata moto, na breki zenye moto hazishiki."

Nilitii mpaka tulipofika tambarare. Hapo barabara ilinyoka, pasiwe na gari wala mtu, na ujana ukanipanda kichwani. Nikakanyaga mafuta. Upepo ukavuma masikioni, injini ikaimba, nikajiona mfalme. Mara nikaona twiga watatu upande wa kushoto.

"Mjomba, twiga!"

Akageuka, lakini kwake upande ule ulikuwa giza. Na kabla hajawapata, miti ya migunga ilikwisha kuwaficha. Nikageuza gari, nikarudi. Hatukukuta ila miiba na vumbi.

"Si kitu, mpwa wangu," akasema. "Twiga watakuwapo."

Nikanyamaza kwa aibu. Naam, twiga watakuwapo. Macho ya mjomba je?

Tangu hapo sikuzidi kilomita 30 kwa saa. Malori yalitupita yakipiga honi, na wavulana wa Kimaasai waliokuwa wakichunga mbuzi walituuliza kama gari letu ni gonjwa. Tukacheka pamoja nao. Kila mjomba alipoinua kidole, nilisimama: penye kichuguu kirefu kumpita mtu, penye punda waliobeba maji, penye kivuli cha wingu kikitembea mlimani.

Olorgesailie tuliona mashoka ya mawe, mengi ajabu, yametapakaa chini pale pale Louis na Mary Leakey walipoyakuta mwaka 1942. Umri wake wapita miaka 500,000. Mjomba aliinama kitambo kirefu, kisha akasema, "Hizi ndizo spana za wazee wetu. Fundi mwenzangu alizichonga vizuri."

Adhuhuri tukafika ziwani, yapata kilomita 110 kutoka Nairobi. Joto lilikuwa kali. Ziwa lilikuwa jeupe kwa magadi, na mahali pengine jekundu kama waridi, na heroe wamesimama katika maji machache. Magadi hayo, msomaji, ndiyo watu wayatiayo katika maharagwe yaive upesi, na ndiyo yatumikayo viwandani kutengeneza kioo. Mjomba aliketi juu ya boneti, akatazama, wala hakusema neno.

Wakati wa kurudi, mlima uliichosha injini, maji ya rejeta yakachemka. Tukangoja yapoe, kwani afunguaye kifuniko cha rejeta yenye moto huungua uso. Tulipokuwa tukingoja, mjomba alifumba macho akayataja yote aliyoyaona kwa utaratibu wake: bonde, kichuguu, punda, wingu, mashoka, ziwa. Hakusahau hata moja. Twiga hakuwataja.

Wewe msomaji, iko siku utashika usukani, na pengine kando yako ataketi mtu ambaye safari ile ni yake kuliko yako. Kabla ya kukanyaga mafuta, mtazame kwanza.