Nani Ameshika Ufunguo wa Karakana ya Sayansi?

Watu wetu wamezoea kuuliza nani anamiliki mgodi, nani amepewa bandari, na mkataba wa gesi ni wa miaka mingapi. Ni maswali halali, nami nimeyaandika hapa mara nyingi. Lakini ipo mali nyingine ambayo sijaisikia ikijadiliwa bungeni wala katika seneti za vyuo vyetu: mahali ambapo watafiti wa dunia hii huandika kwa pamoja programu za kompyuta zinazoendesha sayansi. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nafundisha mbinu za utafiti katika sayansi za jamii, na kwa miaka kadhaa sasa sijasimamia tasnifu hata moja ya takwimu isiyotegemea programu iliyoandikwa na watu ambao mwanafunzi hajawahi kuonana nao.

Kwa asiyezijua karakana hizi, nieleze kidogo. Mtafiti huandika maelekezo ya kompyuta, yaani msimbo, kwa ajili ya kukokotoa jambo fulani, tuseme mwenendo wa malaria wilayani. Huuweka katika jukwaa la mtandaoni, maarufu kuliko yote likiwa GitHub, lililofunguliwa mwaka 2008. Mwenzake aliye Kampala au São Paulo huunakili msimbo ule, hurekebisha mstari wa 40, kisha huomba marekebisho yake yapokelewe. Wenye mradi huyasoma, huhoji, hukubali au hukataa. Kila badiliko hubaki limeandikwa: nani alibadili, lini, na kwa sababu gani. Kufuta jambo kimyakimya ni kazi ngumu, kwani kila mshiriki ana nakala yake ya historia nzima ya mradi. Mtumishi wa umma aliyewahi kufuatilia faili masjala akaambiwa kwamba limo mezani kwa mkubwa ambaye yuko safarini, ataelewa thamani ya daftari la namna hiyo.

Daftari hilo, hata hivyo, huweza kusomwa kwa inda. Aprili 2019 ilipotangazwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo katika galaksi ya M87, kazi ya watafiti zaidi ya 200, sura ya mmoja wao, Katie Bouman, ilisambaa duniani. Hazikupita siku nyingi wakazuka wabishi waliohesabu mistari ya msimbo katika GitHub na kutangaza kwamba mwenzake, Andrew Chael, ndiye aliyeandika mistari 850,000, na kwamba mwanamke yule amevishwa kilemba cha ukoka. Chael mwenyewe aliwakatalia hadharani. Alieleza kwamba mingi ya mistari ile ilikuwa ya faili za modeli, kwamba programu yenyewe ilikuwa na mistari kama 68,000, na kwamba isingefanya kazi bila mchango wa Bouman. Nimekisimulia kisa hiki darasani mara kadhaa, hasa kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba msomi hupimwa kwa kilo.

Mwaka uliofuata karakana hizi ziliingia katika siasa kwa mlango wa mbele. Machi 2020 watafiti wa Imperial College, London, walitoa ripoti iliyokadiria kwamba Uingereza ingepata vifo 510,000 vya UVIKO-19 endapo hakuna hatua yoyote ambayo ingechukuliwa. Ripoti hiyo ilitikisa serikali, ilhali msimbo ulioizaa haukuwa umewekwa wazi. Ulipowekwa GitHub mwishoni mwa Aprili, baada ya kusafishwa, wahandisi wa programu waliushambulia kwa namna ulivyoandikwa, na wapo waliotaka matokeo yake yatupiliwe mbali. Baadaye Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliuendesha upya na kupata matokeo yanayolingana na yale ya ripoti. Kwangu mimi, lawama zile na uthibitisho ule vyote vina uzito uleule, kwani visingewezekana kabla ya msimbo kutolewa. Mwananchi anayefungiwa ndani kwa sababu ya hesabu ana haki ya kuiona hesabu. Msomaji aliyeko wizarani ajiulize: makadirio yetu ya mavuno, ya mafuriko, ya mahitaji ya umeme, msimbo wake uko wapi, na nani anaruhusiwa kuusoma?

Sasa nirudi kwenye ufunguo. Chombo kinachobeba majukwaa haya kinaitwa Git, na kuzaliwa kwake ni kisa cha mpangaji na mwenye nyumba. Waandishi wa Linux walikuwa wakitumia programu ya kampuni binafsi iitwayo BitKeeper, waliyoruhusiwa kuitumia bure kwa masharti. Mwaka 2005 ukazuka mzozo, na kampuni ikaondoa ruhusa. Linus Torvalds akaketi na katika muda wa wiki chache akaandika chombo chao wenyewe, kisicho na wa kukifunga. Juu ya chombo hicho huria ndipo kampuni nyingine ilipojenga GitHub, na mwaka 2018 Microsoft ikainunua kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5. Wapangaji walijenga nyumba yao, kisha wengi wao wakahamia tena ya kupanga kwa sababu ina sebule nzuri.

Mwenye nyumba huyu ni mpole, nakiri. Lakini naye ana sheria za kwao. Julai 2019 waandishi wa programu waliokuwa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamezuiwa kuingia katika maghala yao ya faragha, kwa kuwa GitHub ni kampuni ya Marekani na hutii vikwazo vya Marekani. Miradi ya wazi iliendelea kupatikana. Watu wa Iran walifunguliwa Januari 2021, GitHub ilipopata leseni kutoka serikali ya Marekani. Siitetei serikali ya Tehran kwa lolote. Namfikiria mwanafunzi wa uzamivu wa kule aliyeamka asubuhi akakuta miaka mitatu ya kazi yake imo nyuma ya mlango ambao funguo zake ziko Washington. Tena si lazima pawepo vikwazo. Google nayo ilikuwa na jukwaa la namna hii, Google Code. Ilipoona halina tija tena ililifunga, Januari 2016.

Wapo watakaosema hayo ni ya wakubwa, hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, ambao wauguzi na maofisa wa takwimu wilayani wanaufahamu kuliko mimi, mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011. Tanzania inautumia, Uganda inautumia, Rwanda inautumia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni washiriki wa siku nyingi. Msimbo wake ni huria na uko GitHub. Kabla ya hapo ulikuwa katika jukwaa jingine, Launchpad. Mradi ulihama na haukufa, kwa sababu wenyewe walikuwa na nakala kamili na leseni iliyowaruhusu kuondoka. Huo ndio upangaji wa mtu mwenye kiwanja chake.

Linganisha na jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilishiriki katika utafiti wa kaya uliofadhiliwa kwa fedha za umma, katika taasisi ambayo sitaitaja. Uchambuzi wote ulifanywa na mshauri mwelekezi kwenye kompyuta yake ya mapakato. Ripoti ikazinduliwa kwa hotuba na chai. Miaka miwili baadaye wizara ikataka hesabu zirudiwe kwa takwimu mpya. Mshauri alikuwa amepata kazi nje ya nchi na barua zetu hakuzijibu. Taasisi haikuwa na hata mstari mmoja wa msimbo. Tulianza upya, na fedha zikatoka tena katika mfuko uleule. Hapakuwa na Marekani wala vikwazo hapo. Tulifungiwa nje na mkataba uliosahau kusema kwamba msimbo ni mali ya aliyeulipia.

Nimewasikia wenzangu wakisema chuo kiwe na seva yake na tuachane na majukwaa ya nje. Nakubali nusu. CERN, kule Geneva, inaendesha jukwaa lake yenyewe kwa programu ya GitLab, na toleo huria la programu hiyo hupatikana bila malipo. Lakini anayejua vyumba vyetu vya seva, na jenereta zinazosubiri mafuta, hawezi kuapa kwamba kazi iliyowekwa humo pekee iko salama. Git haikulazimishi kuchagua. Nakala ikae GitHub, ambako wenzetu wa dunia wataiona na kuirekebisha. Nyingine ikae chuoni. Na ya tatu ichukuliwe na Software Heritage, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2016 na taasisi ya Ufaransa ya Inria, inayokusanya msimbo wa dunia nzima kwa ajili ya vizazi.

Kigumu zaidi ni mioyo ya kamati zetu. Mhadhiri kijana ninayemfahamu ametunza kwa miaka mitano programu inayotumiwa na watafiti wa nchi kadhaa. Kila juma hujibu maswali yao na kupokea marekebisho yao. Alipoomba kupandishwa cheo aliambiwa hiyo si kazi ya kitaaluma, alete makala mbili. Amepunguza muda anaoipa programu. Anaandika makala.

Muhula huu nimewasilisha pendekezo katika idara yetu: tasnifu yoyote yenye uchambuzi wa kompyuta isipokelewe bila msimbo wake kukabidhiwa maktaba, na jopo la mtahini liuendeshe kabla ya utetezi. Wanafunzi wa uzamili waliosikia habari hiyo wamenijia wakiwa na hofu, wengine kwa sababu msimbo wao waliandikiwa kwa malipo. Kikao kilijadili pendekezo kwa dakika kumi, kikaunda kamati ndogo ya watu watatu, mimi nikiwa mmojawapo. Tunakutana mwezi ujao, na jambo la kwanza nililoomba ni mfano wa mkataba wa ushauri elekezi unaotumiwa na chuo, nione kama neno msimbo limo.