Simba na majira ya mvua

Wengi wetu twadhani ya kwamba simba ana njaa zaidi wakati wa kiangazi, majani yanapokauka na nchi kuwa kavu. Kumbe mara nyingi mambo ni kinyume, na yafaa wenye ng'ombe na wenye mashamba wajue sababu yake.

Tuangalie mbuga zilizo kusini ya Ziwa Edward, inakopita mito Rwindi na Rutshuru, ndani ya ile hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Parc Albert, na ambayo leo yaitwa Virunga. Jua likizidi, vidimbwi vya mbugani hukauka, na maji hubaki mitoni na ziwani tu. Mbogo hana budi kunywa kila siku, basi hawezi kwenda mbali. Simba mwenyewe aweza kukaa siku kadhaa pasipo kunywa, kwa kuwa damu na nyama ya mawindo yake humpa maji. Si kiu hasa inayomvuta kando ya mto. Chakula chake kimefungwa pale na maji, kama mbuzi kwa kamba.

Wataalamu walioandika mwaka 2005 juu ya simba wa Serengeti, katika Tanzania, walionyesha jambo la kushangaza kidogo. Simba hatafuti kwanza mahali nyama walipo wengi. Hutafuta mahali wanapokamatika kwa urahisi: ukingo wa mto, korongo, kichaka kilicho karibu na maji. Mbio zake ni kali, lakini fupi mno. Asipopata maficho ya kumsogelea mnyama, hulala njaa, ingawa mbuga imejaa pundamilia. (Tunaomsifu kwa nguvu zake tungemsifu zaidi kwa saburi yake.)

Sasa mvua inanyesha. Kila shimo lina maji, kila mahali pana majani mabichi, nao nyama wa mwitu hutawanyika huko na huko. Simba azunguke wapi? Ng'ombe hawakutawanyika. Zizi liko pale pale lilipokuwa jana. Karibu na Tsavo, katika Kenya, imeonekana kwamba simba huvamia mifugo zaidi wakati wa mvua kuliko wakati wa ukavu. Hivyo majira yale tunayomshukuru Mungu kwa ajili yake, maziwa yakiwa mengi na watoto wakishiba, ndiyo majira ya kukaza miiba ya zizi.

Na si ng'ombe tu. Toka mwaka 1990 hata mwaka 2004, watu zaidi ya 560 waliuawa na simba katika Tanzania, wengi wao upande wa kusini-mashariki. Miezi ya hatari kuu ilikuwa Machi hata Mei, wakati wa mavuno. Nguruwe wa mwitu huingia mashambani usiku kula mazao. Mwenye shamba hujenga dungu hafifu na kulala humo ili awafukuze. Naye simba huja akiwafuata nguruwe, akamkuta mtu. Ni msiba mchungu, kwa maana mtu yule alikesha kwa ajili ya chakula cha jamaa yake. Mahali nguruwe walipozuiwa kwa mitaro na ua imara, pasipo mtu kulala shambani, simba hana la kufuata huko.

Kuna na habari ya mwezi. Katika sehemu zile zile za Tanzania iligunduliwa kwamba simba hushambulia watu zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Wakati mwezi ung'aapo usiku kucha, nyama humwona simba toka mbali, naye hupata kidogo. Kisha mwezi huanza kuchelewa kutoka, giza huingia mara jua likitua, naye ana njaa ya siku kadhaa. Mashambulio mengi yalitokea toka jua kuchwa hata karibu saa 4 ya usiku, saa ambazo watu wangali njiani, na mtoto hutumwa shambani kumpelekea baba yake chakula.