Jiko la Juu

Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liko juu kabisa, darini, chini ya makuti. Mgeni akiambiwa hushangaa. Vipi mtu apandishe gunia la mkaa, ndoo ya maji na kikapu cha samaki ngazi zote hizo kila siku ya Mungu? Waliojenga walikuwa na hesabu zao. Kaskazi na kusi zinapita huko bila kuzuiwa, moshi unakwenda nazo, na harufu ya vitunguu haishuki vyumbani. Moto ukizuka, yanaungua makuti, nyumba inabaki. Kwa hiyo mimi, fundi mwashi, nimepanda ngazi kuliko watu wengi wa mji huu, na mengi ninayoyajua kuhusu nyumba hizi nimeyajulia jikoni.

Nilianza kama kijana wa punda. Mawe ya matumbawe yalikatwa Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa mashua mpaka gatini, na kazi yangu ilikuwa kuyapakia punda na kuyapitisha vichochoroni, ambako punda wawili wenye mizigo hawapishani bila wenyewe kutukanana. Baadaye nikaingizwa kwenye chokaa. Tanuri lilikuwa la magogo yaliyopangwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, moto ukawashwa katikati ukawaka usiku kucha. Asubuhi mawe yamekuwa meupe na mepesi. Ukiyamwagia maji yanafoka na kupasuka yenyewe. Hapo ndipo fundi wangu alipoanza kutuudhi. Alitaka chokaa ikae shimoni na maji yake wiki nyingi, tukiigeuzageuza, huku mwenye nyumba akiuliza kazi inaanza lini. Mchanga nao aliuonja kwa ulimi. Ukiwa na chumvi haupokei, hata kama umeshamwagwa mlangoni. Urudi ukae nje upigwe na mvua.

Kisha saruji ikaenea. Mfuko unafunguliwa leo, kesho ukuta umeshika. Jikoni ndiko ilikoingia mapema, maana wanawake walitaka sakafu ya kusugua na ukuta wa kupangusa, haja ambayo sikuona ubaya wake wakati ule wala siuoni leo. Ubaya ulikuwa nyuma ya lipu. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linavuta unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha linautoa, na chokaa inauacha upite. Saruji haiupitishi. Maji yanafungiwa ndani pamoja na chumvi, chumvi inaganda na kuvimba, na baada ya misimu michache lipu inaachia mapande kwa mapande, ikiondoka na uso wa jiwe. Jikoni ongeza na mvuke wa masufuria. Sehemu kubwa ya riziki yangu ya ujanani niliipata kwa kubandua kazi ya mafundi wenzangu.

Mwaka 1986 mji wa kale ukawekwa chini ya sheria ya kulinda mambo ya kale, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwetu sisi mafundi ilikuwa heri: chokaa ikarudi kutakiwa, na vijana waliotucheka kwa kuonja mchanga wakaja kujifunza. Lakini macho ya watu yalikuwa kwenye milango ya nakshi, madaka ya kuingilia na vidaka vya ndani. Jiko halionekani kutoka njiani wala halipigwi picha. Ipo nyumba moja mjini ambayo Makumbusho ya Taifa imeitunza ili watu waone maisha yalivyokuwa, na jikoni vyombo vimekaa mahali pake, mbuzi ya nazi, kinu, vyungu. Nyumba nzuri. Ila hakuna anayepika humo, na swali langu la kazi lilikuwa hilohilo: anayepika tumfanyie nini?

Jibu nililipata sehemu kubwa kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani. Mwanawe aliyekuwa kazini Mombasa alileta fedha na picha za majiko aliyoyapenda, kaunta ndefu na makabati yanayong'aa. Bibi aliziangalia akazirudisha.

“Mwanangu,” akaniambia, “mato yangu yamekwisha kwa moshi. Niondolea moshi. Na maji nisichotewe tena kwa ndoo. Hayo mengine nyinyi muyajuao.”

Mkaza mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akipika zaidi, alikuwa na lake. Yeye alitaka kupika akiwa amesimama, maana kuinama mchana kutwa kulimuumiza mgongo. Bibi huparua samaki amechutama na kukuna nazi amekaa juu ya mbuzi. Tukakubaliana jiko liwe na vimo viwili, kila mmoja chake. Upande wa kaskazini nilijenga meza ya mawe ya kusimamia, yenye karo na sehemu ya gesi. Upande wa pili niliiacha sakafu wazi, nikaisiliba kwa chokaa yenye mteremko, nikaweka bomba la maji la chini, kimo cha goti, kwa ajili ya samaki. Mwana aliposhuka kutoka Mombasa aliliona bomba lile akadhani nimekosea vipimo.

Makabati niliyapinga. Yale ya mbao za kubandikwa gundi hayamalizi misimu mingi huku pwani; yanavimba chini, milango inagoma kufunga, mende wanahamia. Ukuta wa nyumba hizi una unene wa karibu nusu mita, na waliotutangulia waliutumia kwa vidaka. Jikoni mlikuwa na vidaka viwili vilivyozibwa kwa saruji miaka ya nyuma. Tulivifungua, tukatia rafu za mwembe, vikapokea binzari, chumvi, sukari na redio ya bibi.

Ugumu haukuwa hapo. Ugumu wa jiko la juu ni maji. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe. Sakafu zetu zimelala juu ya boriti za mikoko. Juu ya boriti kuna mawe bapa, na juu ya mawe kuna zege la chokaa, zito tayari kabla hujaweka kitu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, hata mita tatu havifiki: boriti haifiki mbali zaidi. Tangi ukilitua katikati ya chumba kwa sababu pana nafasi, umelala chini ya msiba. Mimi huliweka pale kuta mbili nene zinapokutana, juu ya kitako kinachopeleka uzito ukutani. Mwenye nyumba akisema pembe ile aliitaka kwa viti vya kupungia upepo, tunazungumza mpaka achoke.

Mabomba nayo siyazamishi ukutani. Hili limenigombanisha na wateja wengi, maana bomba lililofichwa linapendeza. Lakini kiungo kikivuja ndani ya ukuta wa matumbawe hutajua. Ukuta unakunywa kimyakimya, na mahali pa kwanza pa kuoza ni vichwa vya boriti vilivyochomekwa mle. Siku utakayoona doa, boriti imeshakuwa unga. Napitisha bomba nje ya ukuta, upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani, lionekane na mchuruziko wake uonekane. Maji machafu yanashuka kwa njia hiyohiyo mpaka mfereji wa kichochoroni uendao baharini. Bibi zetu walisugua masufuria kwa majivu. Sasa ni sabuni na mafuta, kwa hiyo chini ya karo huacha kisanduku cha kunasia mafuta, na humfundisha mwenye nyumba kukisafisha. Wengine hunisikiliza.

Gesi ina adabu yake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kutafuta shimo la kushukia, na jiko la juu lina ngazi. Mtungi wa bibi niliuweka nje ya ukuta mfupi wa dari, kwenye kibanda chenye matundu chini. Juu ya moto, kati yake na makuti, nikafunga bati lililoachana na makuti kwa upana wa mkono. Jirani alisema nimeharibu sura ya paa. Nilimwambia aje atazame kwa ndani siku mafuta ya sambusa yakishika moto.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi kijijini Shela, kwa bwana mmoja kutoka Ulaya aliyenunua gofu na kulisimamisha upya kwa chokaa safi, bila kubana senti. Siwasemi vibaya wanunuzi hawa. Matanuri mengi yamewashwa kwa fedha zao. Ila bwana huyu alitaka ukuta wa jiko la zamani ubaki na masizi yake, na mafiga matatu yabaki pale yalipokuwa, huku chakula kikipikwa chumba cha pili kwenye oveni iliyokuja na meli. Nilimfanyia, masizi nikayasafisha vumbi kwa brashi laini yasitoke. Mpishi wake, kijana wa bara, aliyapenda sana mafiga yale: yalikuwa kimo kizuri cha kuegemezea trei za matunda. Nilipomsimulia bibi wa Mkomani alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama bwana yule angependa kununua na yake.

Mimi niko upande wa bibi. Nyumba haikuniomba nitunze moshi. Imeniomba nisiizibe pumzi wala nisiiloweshe, na nisiutoe upepo mahali uliposhikiwa zamani. Ukiyashika hayo, weka karo la chuma, weka friji, sitakugombeza. Ukiyavunja, hata ukiacha mafiga mia, umebakiwa na gofu lenye mapambo.

Lakini moshi nao ulikuwa na kazi niliyokuja kuitambua kwa wateja wengi. Masizi yalikuwa yakiyahifadhi makuti na boriti za paa, wadudu hawakuyapenda. Majiko yalipohamia gesi, makuti yakaanza kuliwa mapema, na boriti mpya hazikupatikana kama zamani. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, mikoko ikiwemo, na tukashinda tukitafuta boriti kuukuu katika nyumba zilizoanguka.

Na bibi mwenyewe alikuwa na shtaka. Wali wa nazi wa gesi haukumridhisha, kwa sababu gesi haina makaa ya kupalia juu ya kifuniko. Niliitwa nikamjengea, pembeni ya meza ya mawe, kitako kidogo cha jiko la mkaa, chini ya sehemu ya makuti ambayo mkaza mwanawe alikuwa ameniita kuitazama, imejaa vumbi la wadudu. Tukabadilisha makuti ya upande ule. Nikawaambia mkaa wauwashe palepale, wasiuhamishe nje, moshi upande.

“Kila siku?” mkaza mwana akauliza, mikono kiunoni.

Bibi akamjibu kabla yangu: Ijumaa, na siku za wageni, na yeye mwenyewe ndiye atakayekaa nao.