Mkataba Kabla ya Funguo

Wajukuu zangu,

Narudi Mbozi kwenye kahawa yangu, Tunduma nawaachieni. Ya kuwausia ni mengi, ila moja linaniuma kuliko yote: mnaajiri na kuajiriwa kwa mdomo.

Dereva aliye kwenye foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, ana mfuko wa nailoni juu ya dashibodi. Humo mna leseni, pasipoti, kadi ya gari na karatasi za mzigo zilizoandikwa mpaka uzito. Karatasi ya kuonyesha mshahara wake na tajiri wake ni nani, haimo. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa mojawapo ya madai yao. Mlikuwa wadogo, lakini dai lenyewe bado lina uzito uleule.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa maandishi, kazi iwe ndani ya nchi au nje. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na mwajiri akakosa maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha mlichokubaliana. Kwa hiyo wewe mjukuu wangu mwenye lori la Fuso, usione mkataba ni mtego uliotegewa. Unakulinda na wewe pia.

Nilimpokea kijana mmoja aliyeachishwa kazi kwa simu, gari likiwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Aliambiwa akabidhi funguo kwa dereva mwingine, akarudi kwa mabasi, nauli ya kuazima. Anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi ya siku 28 au malipo yake, na kabla ya hapo aelezwe sababu na asikilizwe. Yeye hakupata hata kimoja. Kilichonisikitisha zaidi, alikaa nyumbani akingoja hasira za tajiri zipoe. Alipokuja kwangu miezi miwili ilikuwa imepita, na malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba muda uongezwe, na lazima utoe sababu nzito za kuchelewa. Wanangu, zihesabuni siku hizo tangu siku ya kwanza. Ujumbe wa simu wa kukuachisha usiufute, na miamala ya mshahara itunze.

Haki nyingine za kujua kabla ya kusaini ni hizi: likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki; zinazozidi ni za ziada, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Utingo naye ni mfanyakazi, msimwite msaidizi ili mumpunje.

Mwenye Fuso, mkataba wa utingo wako nimeuandika, nakala mbili, uko kwa bibi yako. Kaa naye muusome pamoja, abishe anapotaka kubisha, msaini, kila mmoja achukue nakala yake. Halafu ndipo mwende Vwawa kupakia mahindi.

Babu yenu