Ijumaa ya Kukaa Tu, Mutrah

Januari ya 2009 Mutrah, bandari ya Muscat, ilikuwa bado na meli za mizigo. Ukisukuma dirisha la nyumba ya wageni tuliyofikia, unaona winchi za bandari zikinyanyua makontena, majahazi yamefungwa ubavuni mwa gati, na meli nyeupe ya Sultani imetulia peke yake mbali na nyingine. Mkono wa kulia nyumba nyeupe zilijipanga kufuata mkunjo wa bahari, roshani zao za mbao zikitazama maji, na nyuma yake majabali ya rangi ya kahawia yalisimama wima bila jani hata moja. Juu ya kilima kimoja ilikaa ngome ya Wareno. Upepo ulileta chumvi, dizeli, samaki, na mara mojamoja ubani kutoka nyumba ya mtu.

Tulikuwa tumetoka Salalah kwa basi, karibu kilomita 1,000 za jangwa, usiku kucha magoti yakigusa kiti cha mbele. Mpango wa Ijumaa ile ulikuwa kuamka alfajiri twende Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi ambao kila msafiri huambiwa asiukose. Dereva alishatafutwa, bei ilishakubaliwa. Mwenzangu, mtu wa Tanga, alifumbua jicho moja gizani, akasikiliza miguu yake, akasema, "Leo mimi siendi popote, ndugu yangu. Leo tukae tu." Nikashuka ngazi kumwomba dereva radhi. Alicheka, akarudi kwake kulala. Bila shaka na yeye alikuwa akiitamani Ijumaa yake.

Mtu akiwa ugenini huhesabu nauli aliyolipa, na kila saa ya kujinyoosha kitandani huiona ni fedha inayomwagika. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Ngome za Oman nilizozipanda katika safari ile zimeshachanganyika kichwani, sijui tena ngazi ipi ilikuwa ya ngome ipi. Siku ile ya kukaa naikumbuka saa kwa saa.

Asubuhi tuliteremka hadi soko la samaki, lile la zamani, karibu na lango la bandari, maana hatukuwa na haraka na lilikuwa hatua chache tu. Sakafu ilikuwa imelowa. Jodari wamelazwa safu safu, ngozi zinang'aa buluu; nguru warefu, changu, papa wadogo, na pembeni mzee mmoja na rundo lake la papa mkavu ambalo harufu yake ingetosha kumrudisha mtu wa pwani kwao akiwa amefumba macho. Wavuvi walivuta mashua zao mchangani nyuma ya soko. Shakwe walizunguka juu, na kunguru, hawa hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanaotusumbua Unguja na Dar es Salaam, waliruka chini wakigombea matumbo. Hatukununua kitu. Tulitazama tu kisu kikipita, magamba yakiruka, na hakuna aliyetuuliza tunataka nini.

Chai tulikunywa kwa Wahindi wa Kerala, kwenye kijimkahawa chenye meza za plastiki. Chai ya maziwa, nzito, imeiva mpaka imekuwa rangi ya udongo, na iliki imetangulia kufika puani kabla ya kikombe. Baisa 100. Mpishi aliipandisha na kuiteremsha hewani kutoka chombo hiki kwenda kile, uzi mrefu wa hudhurungi usiomwagika hata tone. Chapati zilikuwa za tabaka, ukizigusa zinaachana zenyewe. Tulikunywa kikombe, tukaagiza cha pili, na mwenzangu akaanza kusoma gazeti la Kiarabu kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, akifurahi kila anapokutana na neno analolijua.

Kisha tukafua. Nguo zilikuwa na vumbi la siku nyingi, na mtunza nyumba alituonyesha paa lilipo na kamba ya kuanikia. Paa lilikuwa bapa, na matangi ya maji na madishi ya setilaiti. Jua la Januari huko lina huruma. Juni na Julai joto hupita nyuzi 40 na paa lile lisingekalika. Tulipomaliza kuanika tulitandika mkeka kivulini mwa tangi. Nguo zilipigapiga upeponi. Kwenye paa la jirani mwanamke alikuja na chetezo, akakiweka chini, akafunika juu yake tenga, akatandaza nguo zake zipate moshi wa udi, akashuka. Huku kwetu bibi zetu hufanya hivyo hivyo. Nilimkumbuka bibi yangu na kabati lake, na ile shuka ya wageni iliyokuwa haitoki humo ila kwa sababu kubwa.

Adhana ya Ijumaa ilianza msikiti mmoja, ikajibiwa na mwingine, ikagonga majabali ikarudi. Barabara ya pwani ikajaa kanzu nyeupe, na zambarau isiyokolea, na rangi ya mchanga; kofia zimetariziwa kwa mkono; kishada kidogo cha nyuzi kinaning'inia kooni, na hicho ndicho hutiwa manukato, kwa hiyo kila aliyekupita aliacha waridi au udi nyuma yake. Tuliswali katika safu ya nyuma, kati ya vijana wa Kibaluchi na mzee aliyekuja na mjukuu. Baada ya hapo tulikula biriani ya samaki, tukarudi chumbani, na mji mzima ukalala nasi. Milango ya maduka ilikuwa imefungwa kwa makufuli. Hata winchi zilinyamaza. Feni ya dari ilizunguka na mlio wake mmoja, na kwa muda mrefu mlio huo ndio uliokuwa Mutrah yote.

Alasiri soko likafunguka. Wenyewe huliita Soko la Giza, kwa vile vichochoro vyake vimeezekwa na jua huingia kwa nyufa tu. Tulitembea polepole bila orodha ya manunuzi. Magunia ya ndimu kavu, nyeusi na nyepesi. Makasha ya tende. Halwa ya zafarani ikimeta kwenye mabakuli, na muuzaji anayekuonjesha kwa kijiko hata akijua hununui. Kwa muuza ubani tulikaa kitako. Alitutolea punje za kutoka Dhofar, zilizo na kijani kwa mbali, akatueleza kwamba hizo ndizo bora kuliko za manjano, akaweka moja juu ya kaa. Hapo hapo karibu, penye lango la mtaa wa Walawati, wazee walikuwa wameketi barazani wakitazama watu. Mgeni alikuwa haingii mtaa ule. Tulitoa salamu, tukaitikiwa, tukapita.

Jioni ikatukuta kwenye ukuta wa pwani, miguu inaning'inia upande wa bahari. Ng'ambo ya barabara kijana alikuwa ameshapuliza makaa ya mishkaki, na moshi wa nyama na ukwaju ukatupitia. Karibu yetu walikuwepo wazee wawili na dele la kahawa, wanazungumza Kiswahili cha Unguja, kile cha taratibu. Muscat si ajabu kukisikia. Wako waliokuja baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita wenye asili ya Oman warudi. Nikawasogelea.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

Nilipotaja Mji Mkongwe, aliyekuwa na miwani akanimiminia kahawa bila kuuliza kama naitaka. Hakutaka habari za siasa wala za jamaa. Alitaka kujua kama Forodhani watu bado wanakaa jioni. Nikamwambia kwa sasa pamezungushiwa ua, panakarabatiwa, na wauza pweza wamehamishwa kwa muda. Akatikisa kichwa, akafikiri, kisha akasema, "Basi nipeleke hivyo hivyo. Twende kwa miguu. Nimeshuka gari Darajani, nina kikapu mkononi. Nipeleke."

Nikampeleka. Tukavuka barabara, tukaingia Mkunazini, tukapita kanisa, tukashika njia ya Sokomuhogo. Alinisimamisha kila kona: pale pana baraza ya mawe, ipo? Ipo. Mlango wa mbao wenye misumari ya shaba? Upo, ila misumari imepungua. Tulipofika penye wanywa kahawa wa Sokomuhogo alitaka tukae kwanza kidogo, na kweli akanyamaza, akanywa kikombe chake chote, ndipo akaniruhusu tuendelee Gizenga mpaka Ngome Kongwe.

Hapo mwenziwe, ambaye muda wote alikuwa akizungusha tasbihi, hakuvumilia tena. "Kwa nini mnamzungusha Sokomuhogo mtu mwenye kikapu? Njia ni Changa Bazaar, unatokea Hurumzi, umefika baharini."

"Changa Bazaar saa hizi hapapitiki. Watu tele."

"Watu tele wapi? Jioni hii?"

Mishkaki ikaletwa, mtu wa Tanga akagawa, na wao wakaendelea kubishana kwa vidole, wakichora vichochoro juu ya ukuta kwa tone la ukwaju. Mwenye miwani alilipia wote, akatukatalia kutoa hata baisa. Tulipoaga alikuwa ameshamrudisha mwenzake Darajani kuanza upya, safari hii kwa njia ya Changa Bazaar, ili amwonyeshe ni wapi hasa watamkanyaga.