Biri Yenye Sura ya Rais

Rafiki yangu aliyerejea kutoka Marekani aliniletea biri moja, ile sigara nene ya majani yaliyoviringishwa, ndani ya kijisanduku cha mbao. Mkanda wake wa karatasi una sura ya George Washington, na maandishi yanasema imetengenezwa kuyaenzi maisha yake. Mimi sivuti. Wanafunzi wanaoingia ofisini huicheka. Mimi huiona kuwa heshima ya ajabu, kwani inamkumbuka mtu kwa zao lililomshinda.

Washington alizaliwa mwaka 1732 huko Virginia, koloni lililoishi kwa tumbaku. Baba yake alipofariki mwaka 1743, mtoto huyo wa miaka 11 alirithi shamba na watumwa 10. Baadaye, akiwa bwana wa Mount Vernon kando ya mto Potomac, alipeleka tumbaku yake kwa wafanyabiashara wa London, Robert Cary na wenzake, ambao waliiuza na kumletea nguo na samani kwa mkopo. Bei ilimvunja moyo, udongo ukachoka, deni likapanda. Aliwaandikia barua za manung'uniko. Mimi niliyekulia karibu na mabani ya Tabora, ambako tumbaku ya mvuke inayolimwa ni ya aina iitwayo Virginia hadi leo, nazielewa barua hizo vizuri kuliko hotuba zake: mkulima amekopa, na bei inapangwa na mwingine aliye mbali. Katikati ya miaka ya 1760 aliipa tumbaku kisogo, akageukia ngano.

Alichokiacha, hata hivyo, ni zao. Wafanyakazi walibaki watumwa. Alipofariki Desemba 1799, Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Wasia wake uliagiza wale 123 aliowamiliki mwenyewe waachwe huru baada ya mkewe kufariki, na Martha akawaachia mapema, tarehe 1 Januari 1801. Tumpe haki yake hapo, maana wenzake wengi hawakufika hata umbali huo. Lakini zaidi ya watu 150 walikuwa mali ya urithi wa Custis, mume wa kwanza wa Martha, na hao waligawanywa kwa warithi. Kwa kuwa makundi hayo mawili yalikuwa yameoana, mume aliweza kuwa huru ilhali mke na watoto ni watumwa.

Mwanafunzi mmoja aliniambia tusimpime mtu wa karne ya 18 kwa mizani ya leo. Hoja hiyo naisikia pia tunapowajadili waasisi wetu, na si hoja nyepesi. Nilimjibu kwa jina moja: Ona Judge. Naye alikuwa mtu wa karne hiyo hiyo, mtumishi katika nyumba ya rais huko Philadelphia. Mwaka 1796, alipojua kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu wa Martha, alitoka nje wakati wenye nyumba wakila, akapanda meli hadi New Hampshire. Rais, ambaye mwaka 1793 alikuwa ametia saini sheria ya kuwarejesha watumwa waliotoroka, alituma watu wamfuate. Ona alisema angerudi iwapo angeahidiwa uhuru baada ya bwana na bibi kufariki. Washington alikataa sharti hilo. Alifariki huko huko mwaka 1848, kisheria akiwa bado mali ya warithi wa Custis.