Nilivyomponza rafiki yangu kwa lenzi

Nimerudi kutoka Bariadi na leo nina la kuungama.

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari ni fundi umeme kwenye jinari moja kule Simiyu. Ana mradi wake kichwani: kamera juu ya mkanda wa pamba, iunganishwe na kompyuta, ipige kelele ikiona uzi wa sandarusi. Unaweza kucheka, uzi tu? Lakini pamba ikibebwa kwenye viroba, vinyuzi vyake huingia humo, na vikifika kiwanda cha nguo havishiki rangi. Doa linabaki kwenye kitambaa. Mnunuzi anashusha bei, na anayeumia ni mkulima, hata yule aliyevunia kwenye shuka safi.

"Wewe si ndiye mtu wa kamera, kaka? Nichagulie lenzi."

Nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia chukua ya kuvuta, ndiyo tunayotumia sisi waandishi. Akanunua ya mtumba, iliyotoka kwenye kamera ya ulinzi, kwa hela yake ya mfukoni.

Nilipofika nikaona aibu. Mashine ikiwashwa sakafu nzima inatetemeka. Saa moja tu, pete ya lenzi imeshajizungusha na picha ni ukungu mtupu. Halafu pembe zote nne nyeusi tii, maana lenzi ilitengenezwa kwa sensa ndogo kuliko ya kamera yake. Na vumbi la pamba! Mpaka kwenye chai.

Tukakaa chini na kalamu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: upana wa sensa mara umbali, gawanya kwa upana unaotaka kuuona. Sensa yake ni milimita 8.8, kamera iko mita 1 juu, mkanda una nusu mita. Unapata 17.6. Saizi zinazopatikana kirahisi ni 16 na 25. Ukichukua 25 unaona sentimita 35 tu, kingo za mkanda zimekwenda. Ya 16 inaona sentimita 55. Basi 16, isiyovuta, yenye skrubu za kukaza pete. Kamera yake ina pikseli 2448 kwa upana, kwa hiyo uzi wa milimita 1 unaangukia pikseli nne na ushee. Unaonekana.

Tulipokwama ni sandarusi nyeupe juu ya pamba nyeupe. Hapo hata ukinunua lenzi ya bei mbaya hupati kitu, kinachotakiwa ni taa. Zipo mashine za kiwandani zinazotumia mwanga kama wa ile taa ya kukagulia noti, kwa sababu baadhi ya plastiki nyeupe hung'aa chini yake kuliko pamba. Hiyo taa ndiyo anaitafuta sasa.

Lenzi mpya nimeahidi kulipa nusu. Ile ya kwanza kanipa nirudi nayo Dar, nimtafutie mteja Kariakoo. Mwenye kuihitaji aseme, ila asiifunge kwenye mashine.